UCHAMBUZI: Upandikizaji wa seli waondoa hofu, kisukari chabaki

MWEZI Juni mwaka wa 2025, wagonjwa wa kisukari kote ulimwenguni walipata habari ambazo baadhi yao wamezisubiri tangu utotoni. Watafiti waliripoti katika jarida la The New England Journal of Medicine kwamba kati ya wagonjwa 12 waliopandikizwa seli za kutengeneza insulini zilizokuzwa katika maabara, 10 hawakuwa wakihitaji tena kudungwa insulini ulipotimia mwaka mmoja.

Haukupita muda kabla ya neno "tiba" kupachikwa kwenye vichwa vya habari. Ni neno fupi, hutosha vyema kwenye safu nyembamba ya gazeti, na huenda hiyo ikawa mojawapo ya sababu za kupendwa kwake katika vyumba vya habari.

Ripoti yenyewe ilikuwa na tahadhari zaidi kuliko vichwa hivyo. Wagonjwa wote walilazimika kutumia dawa za kudhoofisha kinga ya mwili ili seli hizo zisikataliwe. Wawili kati ya 14 walioshiriki utafiti huo walifariki, mmoja wao kutokana na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, maradhi ambayo madaktari wa Afrika Mashariki wanayafahamu vyema kwa kuwa huwavamia watu ambao kinga yao imezorota.

Swali ambalo halikuulizwa sana katika shamrashamra hizo ni jinsi mtu anavyoishi baada ya kupandikizwa. Jibu lake halihitaji kubahatishwa. Wapo watu ambao wameishi na seli za kupandikizwa kwa miaka mingi, tangu mwisho wa karne iliyopita, na maisha yao yamechunguzwa kwa makini. Wanachoonyesha ni kwamba upandikizaji huu hauondoi kisukari katika maisha ya mgonjwa. Huondoa kitu kingine ambacho kwa wengi wao ni kibaya kuliko sindano.

Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula, lina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutoa maji ya kusaga chakula. Ndani ya nyama hiyo kumetawanyika vikundi vidogo vya seli, takriban milioni moja, ambavyo kwa jumla havizidi asilimia mbili hivi ya uzani wa kongosho zima. Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka wa 1869 akiwa angali mwanafunzi, na kwa vile vilionekana kama visiwa katikati ya bahari, vikaja kuitwa vijisiwa vya Langerhans. Humo ndimo insulini hutengenezwa.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au katika ujana, kinga ya mwili huzigeukia seli hizo na kuzishambulia hadi zinakwisha. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo inayowapata watu wengi zaidi, mwili huendelea kutengeneza insulini ila hauiitikii ipasavyo. Mgonjwa wa aina ya kwanza asipopata insulini kutoka nje hufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatima ya watoto wenye maradhi hayo hadi Januari 1922, wakati mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipodungwa insulini mjini Toronto, Kanada, kufuatia kazi ya Frederick Banting na Charles Best.

Lakini insulini ya chupa haina macho. Haijui kama aliyejidunga amekula au amekosa chakula, amelala au anakimbilia matatu. Kijisiwa hupima sukari kila dakika, hutoa insulini kadiri inavyohitajika, kisha hunyamaza. Insulini iliyokwisha kudungwa hairudi kwenye chupa.

Ni kwa sababu hiyo sukari ya mgonjwa anayejitahidi sana kufuata masharti huweza kuporomoka ghafla. Kwa kawaida mwili hutoa onyo: jasho hutoka, mikono hutetemeka, moyo hudunda, naye hukimbilia soda au glukosi. Kwa baadhi ya watu ambao wameishi na maradhi haya kwa miaka 20 au 30, onyo hilo hufifia hadi likatoweka. Mtu anazungumza vizuri, mara anaanza kubwabwaja kama mlevi, na baada ya dakika chache amezirai. Hali hiyo huweza kumpata akiwa anaendesha gari, akiwa amempakata mtoto, au akiwa usingizini.

Kisukari cha namna hiyo hakimwachi mgonjwa peke yake. Mke huamka usiku wa manane kumpapasa mumewe kuona kama ametota jasho. Mama hukataa kusafiri na kumwacha binti yake mtu mzima peke yake nyumbani. Wapo wagonjwa ambao huamua kuiacha sukari ikae juu makusudi ili wasizirai tena, na deni hilo hulipwa miaka ya baadaye kwa macho, figo na mishipa ya miguu.

Kundi hilo ndilo ambalo upandikizaji wa vijisiwa uliwalenga. Ni jambo linalopuuzwa kila habari zinapoandikwa kana kwamba dhamira ilikuwa kumwondolea mtu usumbufu wa sindano.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko insulini. Mnamo 1893 madaktari mjini Bristol, Uingereza, walimpachika mvulana wa miaka 15 vipande vya kongosho la kondoo chini ya ngozi. Alifariki siku tatu baadaye. Katika miaka ya sitini na sabini, Paul Lacy wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, aligundua namna ya kuvitenganisha vijisiwa na nyama ya kongosho, na pamoja na wenzake akafanikiwa kuondoa kisukari katika panya. Panya waliitikia. Binadamu hawakuitikia hivyo. Kati ya upandikizaji 267 uliofanywa kuanzia mwaka wa 1990 hadi mwisho wa muongo huo, ni asilimia 8.2 pekee uliomwezesha mgonjwa kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila insulini.

Mambo yalibadilika mjini Edmonton, Kanada. Mwaka wa 2000, James Shapiro na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alberta waliripoti kwamba wagonjwa saba waliowapandikiza vijisiwa, wote saba, walikuwa wameacha insulini. Walikuwa wameziepuka dawa za steroidi ambazo zilikuwa zikitumiwa kuzuia mwili usikatae viungo vigeni, kwa kuwa zenyewe hupandisha sukari na kuviumiza vijisiwa. Aidha, hawakutegemea kongosho moja. Kila mgonjwa alipewa vijisiwa kutoka kwa wafu wawili au zaidi.

Namna kazi hiyo inavyofanywa haijabadilika sana tangu wakati huo. Kongosho la mtu aliyefariki hupelekwa maabarani likiwa kwenye barafu, hutiwa kimeng'enya cha kuyeyusha nyama, kisha huzungushwa na kuchujwa kwa saa kadhaa. Kinachobaki ni kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Mgonjwa hahitaji kupasuliwa tumbo. Daktari hupenyeza mrija mwembamba kupitia ngozi ya ubavuni hadi kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, na vijisiwa huteremshwa humo taratibu. Hunasa katika vimishipa vya ini na, mambo yakienda vyema, huanza kutengeneza insulini hapo hapo.

Sehemu kubwa ya vijisiwa hufa katika siku za kwanza, kabla havijapata mishipa yao ya damu. Ndiyo maana wengi hurudi kwa mara ya pili, na wengine ya tatu. Kati ya mara ya kwanza na ya pili mgonjwa hukaa akisubiri simu, na simu hiyo haiji ila mtu mwingine afariki na jamaa zake wakubali.

Anayedhani kwamba mgonjwa hutoka hospitalini akiwa ameitupa sindano yake amepotoka. Madaktari wengi humtaka aendelee kudungwa insulini kwa wiki kadhaa ili vijisiwa vipumzike na kushika mizizi, kwa sababu sukari iliyo juu huviua. Huendelea kupima sukari mchana na usiku. Kipimo kikionyesha namba iliyopanda kidogo, yeye si mtu anayeweza kusema ni sherehe ya jana. Huenda ikawa ni dalili ya kwanza kwamba vijisiwa vinakataliwa, na tofauti na figo, ambayo ikikataliwa huonekana mapema katika vipimo vya damu, kijisiwa hakina kipimo cha kutegemewa cha kuonya kabla ya madhara kutokea.

Kisha kuna vidonge. Takrolimasi humezwa kwa saa zisizobadilika, asubuhi na jioni, pamoja na dawa nyingine moja au mbili. Damu hupimwa mara kwa mara kuona kama kiwango cha dawa kimezidi au kimepungua. Kikipungua, seli hushambuliwa. Kikizidi, figo huumia. Hata balungi, tunda ambalo katika Pwani ya Kenya hutundikwa vibandani bila yeyote kulitilia shaka, huwa haramu kwake kwa kuwa hupandisha kiwango cha dawa hiyo katika damu.

Chanjo zenye virusi hai, mathalan ile ya homa ya manjano, hazimfai tena. Jipu dogo au kikohozi cha wiki moja humpeleka hospitalini. Baadhi ya dawa huleta vidonda vya kinywa, nyingine huharisha, nyingine hupandisha shinikizo la damu. Hatari ya saratani ya ngozi na ya aina nyingine huongezeka. Mwanamke anayetaka kupata mtoto hana budi kubadilishiwa dawa kwanza, kwa sababu mojawapo ya zile zinazotumiwa sana, mikofenoleti, huweza kumlemaza mtoto tumboni.

Linalosikitisha zaidi ni suala la figo. Kisukari chenyewe ni miongoni mwa sababu kuu za figo kuharibika. Mgonjwa huyu anapewa dawa ya kulinda vijisiwa ambayo nayo huchosha figo zile zile. Isitoshe, vijisiwa vikifa na dawa zikasimamishwa, mwili wake huwa umejifunza kuwatambua na kuwakataa wageni, na huenda ikawa vigumu kumpatia figo inayomfaa siku akiihitaji. Ni kwa msingi huo baadhi ya wataalamu huona kwamba anayefaa zaidi kupewa vijisiwa ni yule ambaye tayari amepandikizwa figo. Huyo amekwisha kuzoea vidonge, na haongezewi mzigo mkubwa.

Mizani ikiwekwa hivyo, mtu huweza kuuliza ni nani mwenye akili timamu ambaye angekubali biashara hii. Wengi wamekubali, na waliokubali wamekuwa na sababu nzuri.

Kliniki ya Edmonton ilichapisha mwaka wa 2022 matokeo ya miaka 20, yakiwahusu wagonjwa 255. Waliokuwa hawahitaji insulini baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 61. Baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 32, baada ya miaka 10 asilimia 20, na baada ya miaka 20 asilimia 8. Kwa anayehesabu sindano, huo ni mteremko wa kuvunja moyo, na ndivyo ulivyoelezwa mara nyingi. Matokeo ya awali yaliyotolewa na kliniki hiyo hiyo mwaka wa 2005 yalikuwa yameanza kuwakatisha tamaa wengi, kwani baada ya miaka mitano ni mgonjwa mmoja hivi kati ya 10 aliyekuwa angali bila insulini.

Lakini katika matokeo hayo ya 2005 kulikuwa na tarakimu nyingine ambayo haikupewa uzito uliostahili. Takriban asilimia 80 ya wagonjwa bado walikuwa na vijisiwa vinavyofanya kazi kiasi fulani, hata kama kazi hiyo haikutosha kuwaondolea sindano. Na vijisiwa vinavyofanya kazi nusu nusu vina faida ambayo hakuna sindano inayoweza kuitoa. Vinajua kunyamaza. Sukari inapoanza kushuka, huacha kutoa insulini, na mgonjwa hazirai.

Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2016 uliwahusu wagonjwa 48, wote wakiwa watu ambao sukari yao ilikuwa ikiporomoka vibaya bila onyo. Waliouendesha waliamua kubadilisha kipimo cha ufanisi. Badala ya kuuliza ni wangapi walioacha insulini, waliuliza ni wangapi ambao sukari yao imetulia na hawajazirai tena. Baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 87.5. Walioacha insulini kabisa walikuwa wachache kuliko hao, asilimia 52.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtu ambaye amerudia kujidunga kipimo kidogo cha insulini miaka minne baada ya kupandikizwa huhesabiwa katika takwimu za zamani kama aliyeshindwa. Nyumbani kwake mambo ni tofauti. Analala usiku kucha na mkewe analala pia. Anaweza kwenda sokoni peke yake. Anapotokwa na jasho ni kwa sababu ya jua. Kumwita mtu huyo "aliyeshindwa" ni kosa la kipimo, na kosa hilo limewaumiza wagonjwa wenyewe, kwani wako ambao siku ya kurudia insulini huiona kama msiba ilhali kile walichokwenda kukitafuta hospitalini bado wanacho.

Kosa hilo limeziumiza pia sera. Uingereza ilianza kugharamia upandikizaji huu kupitia huduma yake ya afya ya umma mwaka wa 2008, kwa wagonjwa wanaozirai bila onyo, na haikudai kwamba lazima waache insulini. Kanada imefanya vivyo hivyo. Marekani, ambako sehemu kubwa ya sayansi hii ilianzia, iliamua kwamba vijisiwa si kiungo bali ni dawa, hivyo vinahitaji leseni kama dawa yoyote ya kiwandani. Leseni ya kwanza haikutolewa hadi Juni 2023, kwa bidhaa iitwayo Lantidra ya kampuni moja ya Chicago. Iliidhinishwa kwa misingi ya wagonjwa 30. Kati yao, 21 walikaa mwaka mmoja au zaidi bila insulini, 10 wakiwa wamepitisha miaka mitano, nao watano hawakuacha insulini hata siku moja. Baadhi ya wataalamu wa nchi hiyo walikuwa wamepinga mpango mzima, wakisema sehemu ya mwili wa binadamu aliyefariki haifai kuwa mali ya kampuni.

Yapo pia yaliyobadilika nje ya ukumbi wa upasuaji. Vifaa vya kubandikwa mkononi au tumboni vinavyopima sukari mfululizo na kupiga king'ora inaposhuka, pamoja na pampu zinazopunguza insulini zenyewe, vimewapunguzia wagonjwa wengi hatari iliyokuwa ikiwapeleka kwenye upandikizaji. Hivi leo daktari mwangalifu humjaribia mgonjwa vifaa hivyo kwanza. Vijisiwa hubakia kwa wale ambao hata king'ora hakiwasaidii. Huko ni kupungua kwa soko la upandikizaji, si kushindwa kwake.

Upungufu mkubwa umekuwa wa kongosho zenyewe. Wafadhili waliofariki ni wachache, na si kila kongosho hutoa vijisiwa vya kutosha. Matokeo ya 2025 yana uzito hasa kwa sababu yanagusa upungufu huo. Seli zilizotumiwa zilitokana na seli shina, ambazo huweza kuzalishwa kwa wingi na kwa ubora usiobadilika. Hazitegemei ajali ya barabarani wala kilio cha familia nyingine. Hata hivyo, kwa aliyepandikizwa, maisha ya kila siku ni yale yale yaliyoelezwa hapo juu: saa ya vidonge, damu ya kupimwa, hofu ya maambukizi.

Kwa Mkenya anayezisoma habari hizi, umbali bado ni mkubwa. Upandikizaji wa vijisiwa haujawa sehemu ya huduma za matibabu humu nchini. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake vitumiwe baada ya kifo, lakini upandikizaji wa figo unaofanywa nchini, ikiwemo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, umetegemea watu walio hai, aghalabu jamaa wa mgonjwa. Vijisiwa huhitaji kongosho la aliyefariki, na pia maabara ambayo huwa macho usiku na mchana. Juu ya hayo kuna kifua kikuu. Watu wengi katika eneo hili wanabeba viini vyake vikiwa vimelala, na dawa za kudhoofisha kinga ndizo huviamsha.

Tatizo la mtoto wa Kenya mwenye kisukari cha aina ya kwanza ni la chini zaidi kuliko hilo. Ni insulini kupatikana kila mwezi, vijiti vya kupimia sukari, na mahali pa kuihifadhi dawa pasipo na friji. Utafiti mmoja muhimu kuhusu jambo hilo ulitokana na joto la humu humu nchini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kisha wakaiga joto hilo katika maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Mgonjwa hakulazimika tena kwenda hospitalini mara kadhaa kwa siku kudungwa kwa sababu tu hana friji. Habari hiyo haikuandikwa popote kwa herufi kubwa.

Ni katika mazingira hayo ambapo neno "tiba" huwa hatari. Humfikia mama ambaye mwanawe amechoka kudungwa, na humfikia pia muuza mitishamba anayetafuta maneno ya kumshawishi mama huyo kwamba insulini imepitwa na wakati. Mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini hachukui mwezi kuzidiwa. Huenda ikawa siku chache tu.

Kuhusu vidonge vya kudhoofisha kinga, ambavyo ndivyo kizingiti halisi, majaribio ya kuvikwepa yameanza. Septemba 2024 watafiti wa Uchina waliripoti katika jarida la Cell kisa cha mwanamke wa miaka 25 aliyepandikizwa vijisiwa vilivyotengenezwa kutokana na seli zake mwenyewe, vikawekwa chini ya utando wa misuli ya tumbo badala ya kwenye ini. Aliacha insulini baada ya siku 75. Ila alikuwa tayari anatumia dawa za kinga kwa sababu ya ini alilopandikizwa hapo awali, hivyo kisa chake hakikuweza kujibu kama angeziacha salama.

Jaribio lililolenga swali hilo moja kwa moja lilifanywa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Vijisiwa vya mfadhili aliyefariki vilibadilishwa jeni zake ili kinga isivitambue, kisha mwanamume wa miaka 42, ambaye ameishi na kisukari tangu utotoni, akadungwa navyo kwenye misuli ya mkono. Hakupewa dawa yoyote ya kudhoofisha kinga. Ripoti iliyotolewa Agosti 2025 ilisema kwamba baada ya wiki 12 seli zilizobadilishwa kikamilifu zilikuwa hai, hazijashambuliwa, na zilikuwa zikitoa insulini kila alipokula.

Kiasi alichopewa kilikuwa kidogo kwa makusudi, kwa kuwa lengo lilikuwa kuthibitisha usalama tu. Aliendelea kujidunga insulini kama kawaida.